Kupanga barabara na mitaro ya halmashauri kwa kuanzia kwenye maji

Barabara za mitaa katika miji yetu huharibiwa na maji kabla ya kuharibiwa na magari. Lami hubomoka pale maji yanapotuama chini yake, changarawe huchukuliwa na masika ya mwaka mmoja, na kalavati lililojaa mchanga na chupa za plastiki huigeuza barabara yenyewe kuwa mkondo. Kwa sababu hiyo mwongozo huu, ulioandikwa kwa ajili ya madiwani, maofisa mipango, watendaji wa kata na wajumbe wa kamati za maendeleo katika halmashauri za Tanzania, unaanza na maji ya mvua na kuingia kwenye barabara baadaye, ijapokuwa bajeti zetu mara nyingi hufuata mpangilio wa kinyume, kwamba barabara hutangulia na mtaro hujengwa fedha zikibaki.

Jueni kwanza nani anamiliki nini

Kabla ya kuchora chochote, andikeni kwenye ukurasa mmoja taasisi zote zenye kitu chake katika eneo la mradi. Tangu Julai 2017 barabara za mijini na vijijini zilizokuwa mikononi mwa halmashauri zimekuwa chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ambayo inahudumia mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000, wakati barabara kuu na za mikoa ni za Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS). Maji ya vijijini yanasimamiwa na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) kwa sheria ya mwaka 2019, ya mijini yako kwa mamlaka za maji, na nguzo za umeme ni za TANESCO. Halmashauri imebaki na mambo ambayo wengi huyaona madogo: mipango ya matumizi ya ardhi, vibali vya ujenzi, sheria ndogo, uzoaji wa taka na mapato yake ya ndani.

Nimewasikia madiwani wakilalamika kwamba wamenyang'anywa wahandisi na kuachiwa lawama za wananchi. Malalamiko hayo yana msingi, lakini naamini kilichobaki mikononi mwa halmashauri ndicho chenye uzito zaidi kuliko greda. Mhandisi anaweza kujenga mtaro bora, na ukajaa ndani ya miezi michache kwa sababu gari la taka halifiki mtaa wa juu, au ukazidiwa na maji ndani ya miaka mitano kwa sababu vibali vilitolewa vya kusakafia kila kiwanja kutoka ukuta hadi ukuta. Uamuzi wa mambo hayo mawili haufanyiki ofisi ya TARURA. Unafanyika kwenye vikao vya halmashauri.

Kazi ya kwanza ya kivitendo, basi, ni kuwaita wote hawa katika kikao kimoja kabla usanifu haujakamilika, kila mmoja akiwa na ramani ya kilicho chake chini na juu ya ardhi. Kusudi la kikao hicho ni kwamba barabara ichimbwe mara moja tu. Kama mamlaka ya maji inatarajia kupitisha bomba miaka miwili ijayo, ni gharama ndogo sana kulaza mabomba matupu ya kuvukia chini ya barabara wakati inajengwa, hasa kwenye makutano, kuliko kukata lami mpya na kuifukia kwa kifusi ambacho kitabonyea masika ya kwanza. Andikeni makubaliano hayo kwenye muhtasari wenye saini, kwa sababu maofisa huhamishwa na ahadi za mdomo huhama nao.

Tembeeni bonde lote

Mipaka ya kata na ya wilaya imewekwa na serikali, na maji hayaijui. Maji yanayofurika kwenye mtaa wenu yanaweza kuwa yamekusanyika kilomita kadhaa juu yenu, katika kata ya jirani au kwenye mteremko wa mlima ambao haumo kabisa katika mpango wa mji. Tarehe 3 Desemba 2023 matope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuufikia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Tukio la ukubwa ule ni la nadra, lakini kanuni yake ni ileile kwa mtaro wa mtaa: mpango unaoanzia pale barabara inapoanzia umekwisha kuacha nje nusu ya habari.

Chukueni ramani ya vimo, tafuteni mstari wa kilele unaogawa maji, kisha mtembee kwa miguu kutoka juu hadi pale maji yanapoingia mtoni au baharini. Ni vyema safari hiyo ifanyike katika msimu wa mvua, na iwe na mwenyekiti wa mtaa, mhandisi, ofisa afya, na wakazi wa muda mrefu. Nyumba za bondeni zina kumbukumbu zake zenyewe: mstari wa tope ukutani, kizingiti kilichoinuliwa kwa tofali tatu, viroba vya mchanga vilivyoachwa mlangoni tangu mwaka jana. Pimeni kwa futi kamba urefu kutoka ardhini hadi kwenye mstari wa tope, ulizeni ni mvua ya mwaka gani iliyouacha, na muandike vyote viwili pamoja na alama ya mahali kutoka kwenye simu. Mama anayechoma vitumbua kwenye kona ile kila alfajiri anajua maji huanza kupanda upande gani na huchukua muda gani kupungua, na taarifa yake haipatikani kwenye faili lolote la wilaya.

Njia hii imeshajaribiwa kwa upana. Kuanzia mwaka 2015, kupitia mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa Dar es Salaam walichora mitaro, njia, nyumba na maeneo yanayofurika katika kata nyingi za jiji, na kuyaweka kwenye ramani ya wazi ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia bila malipo. Halmashauri ambayo haina fedha za kumwita mpima mshauri inaweza kuanza hivyo, kwa simu za kawaida na vijana wa mtaa waliofundishwa, ili mradi kazi ya mwisho ya kupima vimo ifanywe na mpima mwenye vifaa vyake.

Katika matembezi hayo angalieni pia kile ambacho watu hawapendi kukitaja kwenye mkutano wa hadhara. Katika makazi yasiyopimwa, baadhi ya kaya hutapisha vyoo mvua inaponyesha, kwa kuwa gari la majitaka haliwezi kuingia kwenye uchochoro na gharama yake ni kubwa kwa familia yenye kipato kidogo. Mtaro wa wazi ukipita hapo unabeba kinyesi hadi kwenye miguu ya watoto wa mtaa wa chini, na kipindupindu hufuata. Faini peke yake haimalizi tatizo hili. Mpango wa mtaro katika eneo la namna hiyo lazima uambatane na mpango wa kunyonya vyoo, ikiwemo njia pana kidogo ya kupitisha chombo kidogo cha kunyonya majitaka, na kama kipengele hicho kimekosa fedha ni afadhali mradi mzima usubiri mwaka mmoja.

Hesabu ambayo kila diwani anapaswa kuielewa

Ukubwa wa mtaro haukisiwi kwa macho. Wahandisi wana njia rahisi ya kukadiria maji ya bonde dogo, yaani eneo lote linalomwaga maji yake mahali pamoja: zidisheni eneo kwa hekta, mara nguvu ya mvua kwa milimita kwa saa, mara kigawo kinachoonyesha ni sehemu gani ya mvua hutiririka badala ya kuzama ardhini, kisha mgawanye kwa 360. Jibu ni mita za ujazo za maji kwa sekunde moja.

Chukulieni bonde la hekta 16 ambalo bado lina mashamba na miti, likipigwa na mvua ya milimita 90 kwa saa. Kigawo cha ardhi ya namna hiyo kinaweza kuwa 0.3, na jibu linakuwa mita za ujazo 1.2 kwa sekunde. Kalavati la bomba lenye kipenyo cha milimita 900 lina tundu la mita za mraba 0.64 hivi, na maji yakipita kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde, bomba moja linatosha. Sasa viwanja vikagawanywa, mabati yakaezekwa, nyua zikasakafiwa, na kigawo kikapanda hadi 0.7. Mvua ni ileile, bonde ni lilelile, lakini maji yamekuwa mita za ujazo 2.8 kwa sekunde, na pale palipotosha bomba moja sasa panahitaji matatu. Hapo hatujagusa mabadiliko ya tabianchi, wala mchanga na matawi yanayopunguza tundu la bomba.

Kwa hiyo mhandisi akileta usanifu kwenye kamati, muulizeni maswali haya kwa heshima na bila woga. Ametumia takwimu za mvua za kituo gani cha Mamlaka ya Hali ya Hewa, na za miaka mingapi? Mtaro umesanifiwa kwa mvua inayotarajiwa kurudi kila baada ya miaka mingapi, mitano, kumi au ishirini na tano, na kwa nini? Amechukua kigawo cha mtaa ulivyo leo au utakavyokuwa nyumba zikijaa? Mvua ikizidi kiwango hicho, maji ya ziada yatapita wapi? Swali la mwisho ndilo ninaloliona kuwa muhimu kuliko yote, kwa kuwa hakuna mtaro usioweza kuzidiwa, na mpango mzuri huonyesha mapema kwamba maji hayo yatashuka kwenye uwanja wa mpira au kwenye barabara yenye kingo, na si kwenye zahanati.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha kwamba njia ya bei nafuu ya kupunguza ukubwa wa mtaro ni kupunguza maji yanayoufikia. Paa la mita za mraba 80 likinyeshewa milimita 50 hupokea lita 4,000, ambazo zinaweza kuingia kwenye tangi la shule au la kaya badala ya kuingia barabarani. Sheria ndogo ya halmashauri inaweza kudai sehemu ya kila kiwanja kipya ibaki bila sakafu, na majengo ya umma yawe ya kwanza kuvuna maji ya paa. Miti iliyoko kando ya vijito vya juu, nyasi za vetiva kwenye kingo, na mabwawa madogo yanayojaa siku ya mvua na kukauka baadaye, yote ni miundombinu, na yanastahili kifungu chake katika bajeti kama yanavyostahili makalavati.

Mahali pa kukataa kujenga

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa mto, ziwa au ufuko wa bahari. Wengi huichukulia mita hiyo 60 kuwa sheria ya kuwabana wakulima wa mboga, wakati uzoefu unaonyesha kwamba taasisi za umma nazo huvutwa na mabonde, kwa sababu ardhi ya bondeni huonekana tupu na haina mtu wa kufidiwa. Karakana ya mabasi yaendayo haraka ya Jangwani ilijengwa katika bonde la Mto Msimbazi, na tangu huduma ilipoanza mwaka 2016 imefurika mara kadhaa kiasi cha kusimamisha safari. Sasa uendelezaji wa bonde hilo unahusisha daraja jipya lililoinuliwa, uhamishaji wa karakana na fidia kwa maelfu ya kaya. Gharama za namna hiyo haziwezi kubebwa na halmashauri ya kawaida, ndiyo maana kukataa eneo baya kwenye kikao cha kwanza ni uamuzi wa kifedha kabla ya kuwa wa kimazingira.

Upande wa ardhi, msiikimbie fidia. Sheria ya Ardhi inataka fidia iliyo kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati. Pale ambapo wananchi wanajitolea kusogeza uzio ili mtaro upite, jambo ambalo hutokea mara nyingi na ni la kushukuriwa, hakikisheni kwamba kila mmoja ameandika na kutia saini bila kushinikizwa, mke na mume wote wakiwepo, na kwamba hakuna aliyebaki bila choo au mlango.

Umbo na vifaa

Kwa barabara nyingi za kata, lami si jibu la kwanza. Barabara ya udongo au moramu (udongo wenye changarawe) yenye mgongo mzuri hudumu kuliko lami nyembamba isiyo na mtaro. Kwenye barabara ya upana wa mita 6, mteremko wa asilimia 5 kila upande maana yake ni kwamba katikati pawe juu kuliko pembeni kwa sentimita 15. Hili diwani anaweza kulikagua mwenyewe kwa kamba na futi, na ni ajabu ni mara ngapi mgongo huo haupo siku greda linapoondoka. Kila baada ya umbali fulani, hasa kwenye miteremko, maji ya mtaro wa pembeni yatolewe kwenda mashambani kwa michepuo iliyokubaliwa na wenye mashamba, ili yasipate nguvu ya kuchimba korongo. Penye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, dai kwanza vipimo vya maabara, kwa kuwa hapo ndipo tabaka zuri la juu huharibika bila sababu inayoonekana kwa macho.

Tafuteni kilicho karibu. Mwanza, ambako vilima vimejaa mawe, barabara za milimani zimetandikwa mawe yaliyochongwa na watu wa mitaa hiyo hiyo, na miteremko ambayo greda lingeipanda kila mwaka imetulia. Mkoani Kigoma yamejengwa madaraja ya mawe yenye umbo la tao, na TARURA imeendelea kuyajenga mikoa mingine kwa kuwa hayahitaji nondo na hutumia mawe na mafundi wa eneo husika. Sehemu kubwa ya fedha hubaki kijijini, na daraja likipata ufa yupo fundi anayejua kuliziba.

Matunzo yawe ndani ya uamuzi wa kujenga

Naomba madiwani wanielewe vizuri hapa, kwa sababu ndipo miradi mingi inapofia. Barabara ya changarawe inaweza kupoteza sentimita 2 au 3 za tabaka lake kwa mwaka, na hata mtaro wa zege unahitaji kusafishwa angalau kabla ya vuli na kabla ya masika. Kila andiko la mradi linaloletwa kwenye Baraza la Madiwani liwe na mstari wa gharama ya matunzo ya kila mwaka kwa miaka kumi, jina la taasisi itakayoilipa, na saini ya kukubali. Mstari huo ukiwa mtupu, mradi urudishwe.

Vishawishi vya kufanya kinyume ni vikubwa. Kila kata inataka chake, na mara nyingi fedha ya kilomita mbili nzima hugawanywa kuwa mita mia tatu tatu kila mahali, ambazo hazina pa kumwagia maji na haziunganishi soko na zahanati. Ni vigumu kumwambia mwananchi kwamba mwaka huu zamu ni ya kata ya jirani. Hata hivyo, orodha ya vipaumbele yenye vigezo vilivyo wazi, iliyopitishwa mbele ya watu na kubandikwa kwenye mbao za matangazo za kata, humlinda diwani mwenyewe: anaweza kuonyesha kata yake iko nafasi ya ngapi na kwa nini.

Kuhusu mikono ya kusafisha mitaro, fedha ipo karibu kuliko inavyodhaniwa. Sheria ya ununuzi wa umma inataka asilimia 30 ya manunuzi itengwe kwa makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha mtaa kilichokopeshwa toroli, koleo, buti na glavu, kisha kikapewa mkataba wa mwaka mzima wa mita kadhaa za mtaro na kulipwa kwa kilichokaguliwa, kinaufahamu mtaro huo kuliko mkandarasi wa mbali. Mchanga unaotolewa usiachwe kwenye ukingo, kwani mvua ya kwanza huurudisha ndani. Mkataba ueleze utapelekwa wapi na kwa gari la nani.

Ratiba na mapokezi

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na katika maeneo yenye vuli na masika, miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo ya kuchimba. Ili mkandarasi awe kazini wakati huo, mahitaji yanapaswa kuibuliwa kwenye mikutano ya mitaa mapema, kupita Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kufika kwenye Baraza yakiwa na vipimo na makadirio halisi, si majina ya barabara peke yake. Usanifu na nyaraka za zabuni zikikamilishwa katika mwaka unaotangulia, fedha ikichelewa kwa miezi miwili bado kazi inaweza kukamilika kabla ya mvua. Zisipokamilika, msingi utachimbwa Novemba na kujaa maji.

Siku ya kupokea kazi, kamati isiridhike na kutembea juu ya zege kavu. Mwageni maji kutoka kwenye bowza upande wa juu, mtazame yanakoelekea, mpime kina cha mtaro sehemu mbalimbali, na mchungulie ndani ya kila kalavati kwa tochi ili kuona kama mbao za kumwagia zege ziliondolewa. Kipindi cha uangalizi wa kasoro, ambacho mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro za kazi yake, kwa kawaida ni miezi 12. Hakikisheni kwenye mkataba kwamba kinajumuisha masika moja kamili, na kwamba fedha za zuio, yaani sehemu ya malipo iliyoshikiliwa, hazirudishwi kwa mkandarasi mpaka mhandisi, mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa wamekagua pamoja baada ya mvua hizo na kuandika kasoro walizoziona, mita kwa mita.